Unalea mtoto wa mbwa na unataka kujitolea kwenye mashindano ya farasi? Anzia hapa

Maswali ni yale yale kila msimu. "Sijawahi kupanda farasi, naweza kusaidia?" "Nina mbwa wa miezi mitatu, nije naye?" "Nivae nini?" Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. La pili ni hapana, bado. La tatu ni viatu vinavyofunika vidole, na mengine tutayafikia.

Uganda haina farasi wengi. Mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika vimefanya kazi yao kwa muda mrefu, na kumtunza farasi mmoja ni gharama. Hata hivyo wapo: Speke Resort ya Munyonyo ina kituo cha farasi, Jinja watu hupanda farasi kandokando ya mto Nile, na karibu na Ziwa Mburo wageni hutembea juu ya farasi katikati ya pundamilia. Penye farasi na wapandaji, siku moja watashindana, na mashindano madogo hayaendi bila mikono ya watu wa kujitolea: wa kuinua boriti zinazoangushwa na farasi, wa kufungua lango, wa kuandika alama.

Jambo moja ulishike tangu sasa: ratiba ya kijibwa ndiyo itakayoamua zamu yako. Wengi hufanya kinyume. Huahidi siku nzima, kisha saa tano asubuhi wanapigiwa simu na jirani kwamba mbwa analia mtaa mzima.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vyako wewe:
- Buti au viatu vigumu vilivyofunika vidole. Gambuti zinatosha siku ya matope. Ndala hapana, hata kama kazi yako ni ya mezani.
- Suruali ndefu, kofia ya jua, chupa ya maji.
- Koti la mvua lisilopigapiga kwenye upepo. Mwavuli uache nyumbani. Ukiufungua ghafla kando ya uwanja, farasi anaweza kumwangusha mtu.
- Kalamu mbili na daftari dogo.
- Mtu mmoja unayemwamini wa kumwangalia mbwa ukiwa hupo, awe dada, shangazi, jirani au askari wa getini aliyekwishamzoea. Huyu ni muhimu kuliko vyote hapo juu.

Vya kijibwa:
- Kadi ya chanjo. Ipige picha pia, ikae kwenye simu.
- Mkanda wa kifua na kamba ya kawaida ya mita 1.5 hadi 2. Zile kamba zinazojivuta na kujirefusha zenyewe usizilete mahali penye farasi. Uzi mwembamba ukizunguka mguu wa farasi, mbwa na farasi wote wataumia.
- Kizimba anachoweza kusimama na kugeuka ndani yake.
- Vipande vidogo vya ini lililochemshwa na kukaushwa, kwa ajili ya mafunzo.

Hatua kwa hatua

1. Kamilisha chanjo.

Chanjo za mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3 hivi na hurudiwa baada ya mwaka. Kabla mfululizo huo haujaisha, asikanyage zizi la farasi. Karibu kila zizi lina mbwa wake, na virusi vya parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua vijibwa, hukaa udongoni kwa miezi mingi bila kufa.

Hii haina maana umfungie ndani. Muda ambao kijibwa anauzoea ulimwengu kwa urahisi huanza kufunga akiwa na wiki 14 hivi, na ukipita haurudi. Kwa hiyo mbebe. Simama naye kando ya barabara aone boda zikipita, asikie honi, aone mbuzi, ng'ombe na watoto wa shule. Mikononi mwako hakanyagi chochote, na masikio na pua vinajifunza.

2. Mfundishe kubaki peke yake.

Kanuni ya haraka: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kubana mkojo mchana, kwa makadirio tu. Wa miezi 3 ni saa nne, na hapo umemkaza. Mashindano huanza saa moja asubuhi na yanaweza kufika jioni. Hesabu mwenyewe.

Anza na kizimba kikiwa wazi na chakula kikiwa ndani. Siku kadhaa baadaye funga mlango akiwa anakula, fungua kabla hajamaliza. Kisha funga kwa dakika chache ukiwa chumba kile kile, kisha ukiwa chumba cha pili, kisha ukiwa nje ya geti. Usiruke ngazi. Akilia, subiri anyamaze hata kwa sekunde chache ndipo ufungue, ila usimwache alie nusu saa ukidhani unamkomaza.

Onyo kwa walio na uwanja wa nyasi: kizimba kisiachwe chini nje bila mtu, hasa miezi ya mvua. Siafu wakipita usiku au alfajiri, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Kuhusu chakula, kwa kuwa nalo huulizwa sana: posho (ugali wa mahindi) na mukene (dagaa) ndicho chakula cha mbwa wengi hapa, na si kibaya mradi mukene uwe mwingi na usiwe na mchanga. Posho tupu haimkuzi mtoto wa mbwa. Unga uliovunda usimpe kabisa. Watu husema "huu ni wa mbwa" wakimaanisha ule waliokataa kula wao, na sumu ya ukungu wa mahindi huua ini la mbwa. Mlishe mara tatu au nne kwa siku mpaka afike miezi 6. Mifupa ya kuku iliyopikwa itupe.

3. Nenda zizini bila mbwa.

Piga simu kwanza, uombe kwenda siku isiyo na mashindano. Sema wazi: huna uzoefu wa farasi, unaweza kutoa nusu siku, una mbwa mdogo nyumbani kwa hiyo saa saba mchana lazima uondoke. Waandaaji humpenda mtu anayeahidi kidogo na kufika.

Ukifika, salimia masaisi, yaani watunzaji wa farasi, kabla hujaanza kupiga picha. Mwenye farasi huja mwisho wa wiki, lakini saisi yuko pale kila alfajiri na ndiye anayejua nani anauma na nani anaogopa matrekta. "Shikamoo mzee, yupi hapa nisimpitie nyuma?" ni swali litakalokufungulia mlango kuliko barua pepe kumi kwa ofisi.

4. Jifunze kumkaribia farasi.

Macho ya farasi yako pembeni, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake hasa na mbele kabisa ya paji la uso. Usimjie kutoka sehemu hizo. Mjie kwa upande, usawa wa bega la kushoto, ukiongea kwa sauti ya kawaida. Ukilazimika kupita nyuma, pita mbali kabisa mguu usikofika, au pita karibu sana mkono wako ukiwa juu yake, ajue ulipo. Umbali wa katikati ndio wenye teke.

Kamba ya farasi usiizungushe mkononi, ikunje na uishike katikati ya mkunjo. Zoea hivyo hivyo na kamba ya mbwa. Ribboni nyekundu mkiani ina maana farasi huyo hupiga mateke. Ya kijani ina maana ni mgeni wa mashindano. Karoti, ndizi au mkate usimpe farasi bila ruhusa ya mwenyewe, maana tumbo la farasi halitapiki, na kitu kidogo humletea maumivu makubwa.

5. Chagua kazi inayokufaa.

Lango: unafungua, unafunga, unaita anayefuata. Nzuri kwa mtu wa kwanza kabisa. Maegesho: jua kali, lakini mbali na kwato. Uandishi wa dresaji, mashindano ya farasi kutekeleza miendo iliyopangwa: unakaa na mwamuzi na kuandika anachosema, alama kutoka 0 hadi 10, nusu alama zikiruhusiwa. Hupewi nafasi ya kutoa maoni, wala ya kusema "yule kijana alipanda vizuri". Uwanja wa dresaji una herufi pembeni ambazo hazifuati alfabeti (A, K, E, H, C, M, B, F kwa uwanja wa mita 20 kwa 40), kwa hiyo zikariri usiku uliotangulia, usipotee.

Kazi inayohitaji watu wengi ni ya viunzi, na ndiyo ninayompendekezea kila mgeni mwenye mgongo mzima, kwa sababu unayaona mashindano kwa karibu kuliko mtazamaji yeyote. Kiunzi ni miimo miwili ya pembeni, na katikati kuna boriti zilizolala juu ya vyuma vidogo vilivyopinda, ambavyo watu huviita vikombe. Mwimo una matundu kutoka chini hadi juu, na kikombe hubanwa kwenye tundu kwa pini. Boriti ikianguka:

- Usikimbie. Subiri farasi apite na kuelekea kiunzi kingine, ndipo uingie. Farasi akikataa kuruka na kubomoa kiunzi, kengele italia na saa itasimama mpaka ninyi mmalize. Hapo ndipo haraka inapotakiwa.
- Muwe wawili, kila mmoja mwisho wake. Inueni pamoja.
- Hesabu matundu kutoka chini, mwenzako naye ahesabu upande wake, mtajiane namba. Kikombe kimoja kikiwa tundu moja juu ya kingine, kiunzi kimepinda na mpandaji anayefuata ana haki ya kulalamika.
- Boriti ilale tu ndani ya kikombe. Usiikandamize, usiifunge, usiizibe kwa nyasi. Imewekwa ianguke ikiguswa. Kwenye kiunzi kipana, boriti ya nyuma hushikwa na vikombe maalumu vinavyoachia vyenyewe, usivibadilishe na vya mbele.
- Kikombe kisicho na boriti king'oe kwenye mwimo. Mpandaji akiangukia chuma kitupu, kitamchoma.
- Bendera nyekundu hukaa kulia kwa anayeruka, nyeupe kushoto. Zikianguka, zirudishe hivyo.

Boriti moja ikianguka ni makosa 4, yaani alama za adhabu, farasi kukataa kuruka mara ya kwanza ni 4 pia. Ukiijua hesabu hiyo utayafuata mashindano bila kuuliza.

6. Panga siku yenyewe kuanzia kwa mbwa.

Amka mapema kuliko ulivyozoea. Mtoe akojoe, mlishe, mtembeze, mchezeshe mpaka achoke, mtoe tena. Mbwa aliyechoka atalala, na kijibwa anahitaji usingizi mwingi kuliko unavyodhani, hata saa 18 kwa siku nzima. Mkabidhi kwa mtu wako na maelekezo mafupi yaliyoandikwa: saa ya kumtoa, kiasi cha chakula, namba ya daktari wa mifugo. Kisha nenda, usipige simu kila dakika kumi.

Zamu yako iishe saa saba. Ukiombwa uongeze na mbwa ana miezi mitatu, sema, "Samahani sana, nina mtoto nyumbani." Watacheka, watakuelewa.

Usiku uliotangulia usimbebe kumpeleka kwa rafiki mgeni juu ya boda akiwa wazi mikononi. Kama lazima asafiri, tumia kizimba ndani ya gari.

7. Mtambulishe kwa farasi siku tulivu.

Chanjo zimeisha, anaitika jina lake, anakaa ukimwambia kaa. Sasa omba ruhusa ya kuja naye katikati ya wiki. Simama mbali, mita 30 au zaidi, mahali anapomwona farasi bila kubweka. Kila akimtazama farasi kisha akakugeukia, mpe kipande cha ini. Akishaanza kukugeukia mwenyewe, sogea hatua chache. Akiganda, akivuta au akianza kuunguruma, umesogea mno. Rudi nyuma bila kumkaripia.

Dakika kumi zinatosha. Ondoka akiwa bado mtulivu. Usimruhusu anuse kwato, hata farasi awe mpole vipi, na usimruhusu amfukuze kuku wala paka wa zizi. Akionja raha ya kufukuza, farasi ndiye atafuata.

8. Mashindano ya kwanza mkiwa wote.

Uliza kwanza kama mbwa wanaruhusiwa, maana kila kituo kina kanuni zake. Mahali pengi wanapokubaliwa, lazima awe kwenye kamba muda wote. Siku hiyo usichukue zamu. Njoo kama mtazamaji, kaa saa moja, rudi nyumbani. Mwenye kamba ya mbwa hawezi kuinua boriti, na anayejaribu vyote viwili huharibu vyote viwili.

Kumbuka pia majirani zako kwenye benchi. Wenzetu Waislamu wengi hujihadhari na mate ya mbwa kwa sababu ya twahara, na kijibwa hulamba kila kitu. Kamba iwe fupi, usimwachie aparamie mtu, na usimwambie mtu "hana neno huyu". Tatizo lake si kuumwa, ni nguo ya kuswalia. Na mbugani, pamoja na pale Ziwa Mburo, mbwa haendi.

Makosa yanayorudiwa

Kubwa kuliko yote, na lisilojulikana na wengi, ni dawa ya minyoo ya farasi. Huja kama dawa nzito kwenye bomba la kusukumia, ina aivamektini au jamii yake, na kipimo ni cha mnyama wa kilo mia kadhaa. Mbwa akilamba iliyodondoka, au akila kinyesi cha farasi aliyepewa juzi, anaweza kutetemeka, kupofuka kwa muda, hata kufa. Vijibwa hupenda kinyesi cha farasi. Muulize saisi ni lini farasi walipewa dawa, na siku hizo mbwa asifike.

Gari. Dakika chache za jua la Kampala zinatosha kulifanya gari lililofungwa kuwa tanuri. "Nimeacha dirisha wazi kidogo" haisaidii.

Kavera (mifuko ya plastiki) na puto kando ya uwanja. Okota kila kavera unayoiona, upepo ukiivuta itapita chini ya miguu ya farasi.

Kubaki mpaka giza. Visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika hutoka kuanzia machweo mpaka alfajiri, ndiyo maana masaisi hukazana kuwaingiza farasi ndani mapema. Jua likianza kushuka, usiwazuie kwa maongezi.

Mambo yakienda kombo

*Farasi ametoroka.* Paza sauti mara moja, "Farasi ametoroka!", kisha nyamaza. Funga lango la nje lililo karibu nawe. Usimkimbize, usipunge mikono, usisimame mbele yake. Waachie masaisi, wao watamwendea na ndoo ya chakula.

*Mpandaji ameanguka.* Usimwinue, usimvue helmeti. Ita huduma ya kwanza, wengine wasimamishe farasi anayefuata. Wewe wa viunzi, kaa ulipo mpaka uambiwe.

*Umepewa kazi usiyoielewa.* Sema kabla kengele haijalia. Baada ya hapo hakuna atakayekusikia.

*Mbwa anabwekea farasi kila mara.* Umbali ni mdogo au amechoka. Ongeza umbali mara mbili, punguza muda kwa nusu. Usimpige, ataanza kumwona farasi kuwa ndiye sababu ya kipigo.

*Anauma visigino vya watu wanaokimbia.* Kawaida kwa umri huo, hasa meno yakiota. Simama tuli, mpe kitu cha kutafuna. Watoto wasikimbie karibu naye mpaka aache.

*Analia kizimbani ukiondoka.* Uliruka ngazi kwenye hatua ya 2. Rudi mpaka alipokuwa ametulia, anzia hapo, hata kama ni kukosa mashindano ya mwezi huu.

*Anatapika, anaharisha damu, hali chakula.* Usisubiri kesho, na usimpe dawa za watu. Kijibwa mwenye parvo huishiwa maji haraka. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na sakafu alipokuwa isafishe kwa jiki, kipimo kimoja kwa thelathini vya maji. Asionane na mbwa wa zizi, na wewe usiende zizini na viatu ulivyovaa.

*Ameuma mtu, au mtu ameumwa na mbwa wa zizi.* Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, tazama saa. Halafu kituo cha afya, siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo na hata kama mbwa ana kadi. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa. Afungwe mahali salama aangaliwe kwa siku 10, na daktari wa mifugo ajulishwe.

*Miezi imepita na bado anatetemeka akiona farasi.* Wapo mbwa wa namna hiyo, na hakuna cha kulazimisha. Wewe endelea na zamu zako za nusu siku, yeye abaki na shangazi.